Nembo Saba Chini ya Kwotesheni: Karatasi za Fundi wa Sola na Maana ya Kila Moja

Jirani yangu wa Kitengela alinigongea mlango jioni moja akiwa ameshika simu. Stima ya kupotea kila mara ilikuwa imemchosha, tokeni nazo zilikuwa zikiyeyuka kama barafu, akaamua kuweka sola. Kampuni tatu zilimtumia kwotesheni kwa WhatsApp. Bei alizielewa vizuri, tena kuliko mimi. Kilichomchanganya ni mstari wa mwisho wa kila ukurasa, ambapo nembo zilikuwa zimepangwa kama medali kifuani pa jenerali: EPRA, KEBS, NCA, KEREA, ISO 9001, CE, Tier 1.

"Huyu ana saba, huyu nne, na huyu mbili," aliniambia. "Si nimchukue tu wa saba?"

Nilimwambia angoje kidogo, kwa sababu nembo hazihesabiwi kama mabao. Kila moja inajibu swali lake, na baadhi zinajibu swali ambalo hakuna mtu aliyeliuliza. Kati ya zile saba, moja tu ndiyo iliyokuwa na lolote la kusema kuhusu mtu atakayepanda juu ya mabati yake na kugusa nyaya. Hata hiyo moja haisemi kitu mpaka usome herufi na namba inayoifuata.

Tuanze na maneno yenyewe, maana huchanganywa sana, hata na wauzaji.

Leseni ni ruhusa ya kisheria. Asiyekuwa nayo akifanya kazi hiyo anavunja sheria, hata kama anaifanya vizuri. Cheti cha mafunzo ni ushahidi kwamba mtu alikaa darasani au karakanani, akatahiniwa na akapita. Alama ya ubora inahusu kifaa: paneli, betri, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe kama stima ya ukutani), waya. Uanachama unamaanisha kwamba mtu au kampuni imelipa ada na kukubali kanuni za chama fulani. Kisha kuna ithibati, neno linalotupwa ovyo kuliko yote. Kwa maana yake halisi, ithibati ni kumkagua yule anayewakagua wengine. Nchini Kenya kazi hiyo ni ya KENAS, shirika linalothibitisha kwamba maabara au taasisi inayotoa vyeti inastahili kuaminiwa. Kwa hiyo fundi akikuambia "nina ithibati," mara nyingi anataka kusema ana leseni au cheti. Muulize ni kipi kati ya hivyo viwili.

Fikiria unakodi gari na dereva akupeleke wewe na watoto mashambani wakati wa Krismasi. Dereva awe na leseni, tena ya daraja linalolingana na gari lenyewe, kwa sababu anayeruhusiwa kuendesha bodaboda hajaruhusiwa kuendesha basi. Gari nalo liwe limekaguliwa. Cheti chake cha shule ya udereva kinaonyesha alijifunza wapi, lakini polisi barabarani hawakiulizi. Na kama mwenye gari ni mwanachama wa umoja wa wenye magari ya kukodi, ni vizuri, utakuwa na pa kupeleka malalamiko. Lakini hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angesema, "Dereva hana leseni, ila gari limekaguliwa, kwa hiyo twende." Kwenye sola watu wanasema hivyo kila siku bila kujua.

Herufi T na namba yake

Leseni ya kufunga sola Kenya hutolewa na EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli. Zamani ikiitwa ERC, na jina lilibadilika kwa Sheria ya Nishati ya 2019. Kanuni za mifumo ya sola zilitungwa 2012, enzi hizo za ERC, nazo ziliwagawa mafundi katika madaraja matatu.

T1 ni wa mifumo midogo ya betri moja, isiyozidi wati 100. Hapo ni taa chache, kuchaji simu, labda redio. T2 ni wa mifumo ya wastani, hadi wati 300, ambayo inaweza kuwa na betri zaidi ya moja na hata inveta. T3 ni wa mifumo mikubwa, ikiwemo inayounganishwa na gridi na ile ya mseto, yaani yenye sola, betri na stima ya kawaida kwa pamoja.

Sasa simama kidogo kwenye tarakimu hizo. Wakati kanuni zilipotungwa, sola ya nyumbani kwa wengi ilikuwa paneli moja ndogo juu ya nyumba ya kijijini. Leo paneli moja ya kawaida inayouzwa kwa ajili ya paa la mjini ina wati 400, 500, hata zaidi. Paneli moja tu, kabla hujaongeza ya pili, imeshapita kipimo cha T2. Jirani yangu alipendekezewa paneli 8 za wati 550, jumla wati 4,400, pamoja na inveta ya kilowati 5 na betri ya lithiamu. Huo ni mfumo wa T3 bila ubishi. Kwa hiyo mtu akikuambia "fundi wetu ana leseni ya EPRA" bila kutaja daraja, hajakuambia kitu. Ni kama kusema "dereva wetu ana leseni" huku umekodi basi la watu 50.

Wengine huona madaraja haya ni urasimu wa kukusanya ada. Ningekubaliana nao kama sola ingekuwa na tabia sawa na stima ya ukutani. Haina.

Umeme wa Kenya Power hugeuza mwelekeo wake mfululizo, na katika kugeuka huko hupita kwenye sufuri mara 100 kila sekunde. Cheche ikiruka kwenye breka, hupata nafasi ya kuzimika kila umeme unapopita sufuri. Umeme wa paneli hutiririka upande mmoja bila kupumzika. Cheche ikianza kwenye kiungo kilicholegea, inaweza kuendelea kuwaka kama mwali wa fundi wa kuchomelea mageti, ikayeyusha plastiki na kushika mbao za paa. Ndiyo maana kuna breka za umeme wa aina hii na breka za stima ya kawaida, na ukizitazama kwa haraka zinafanana. Fundi asiyejua tofauti atakuwekea ya bei nafuu. Itafanya kazi vizuri miezi kadhaa, mpaka siku itakapotakiwa kukata umeme na ishindwe.

Halafu hesabu ya volti. Paneli moja kubwa hutoa karibu volti 50. Nane zikifungwa kwa mfuatano, moja nyuma ya nyingine, ni kama volti 400. Na paneli haina swichi: jua likiwaka, umeme upo, hata ukizima kila kitu ndani ya nyumba. Anayefanya kazi juu ya paa saa sita mchana anashika kitu kilicho hai.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba leseni ya sola na leseni ya fundi wa stima ni vitu viwili. EPRA huwapa mafundi wa stima leseni zenye madaraja yake, A1, A2, B, C1 na C2. Kazi ya kufungua sanduku la breka la nyumba, kutenganisha laini na kuunganisha inveta kwenye nyaya za ukutani inaangukia upande huo. Kampuni nzuri huwa na watu wa pande zote mbili, au mtu mmoja mwenye leseni zote mbili. Makosa ya hapa hayaishii nyumbani kwako. Inveta iliyofungwa ovyo inaweza kurudisha umeme kwenye nyaya za barabarani wakati mtaa mzima uko gizani, na fundi wa Kenya Power aliye juu ya mlingoti, akidhani laini imekufa, akauawa na umeme wa sebuleni kwako. Kwa sababu hiyo mfumo wa kupeleka umeme kwenye gridi unahitaji makubaliano na Kenya Power yenyewe, na tangu 2024 kuna kanuni maalumu za jambo hilo. Anayekuambia "tutaunganisha tu, hawatajua" amekuonyesha tabia yake mapema. Mshukuru, uendelee na mwingine.

Leseni ni ya kampuni au ya mtu?

Hapa ndipo wengi wanapopotea. EPRA hutoa leseni kwa mafundi kama watu binafsi, na hutoa nyingine kwa biashara zinazouza, kuagiza au kuchukua kandarasi za sola. Nembo kwenye kwotesheni huenda ni ya biashara. Haimaanishi kwamba kila kijana atakayeshuka kwenye pikapu asubuhi ana leseni yake.

Hilo peke yake si kosa. Hata kwenye ujenzi, fundi mkuu huwa na wasaidizi, na wasaidizi ndio wanaojifunza kazi. Kubeba paneli na kukaza vyuma si lazima kufanywe na T3. Tatizo ni pale ambapo T3 huyo hayupo kabisa. Ni jina kwenye karatasi, mtu aliyeazima kampuni leseni yake kwa malipo, pengine yuko mji mwingine, na hajawahi kuliona paa lako. Mtindo huu haukuanza na sola. Waliojenga nyumba wanawajua wahandisi ambao muhuri wao hufika saiti kabla yao.

Kwa hiyo swali la kuuliza si "Mna leseni?" Swali hilo lina jibu moja tu, na kila mtu analijua. Uliza: "Nani atakuwa hapa siku ya kazi, na leseni yake ni ya daraja gani?" Kisha omba picha ya leseni hiyo, uangalie jina, namba, daraja na tarehe ya kwisha. EPRA huchapisha kwenye tovuti yake majina ya waliopewa leseni, na kulitafuta jina humo huchukua muda mfupi kuliko kubishana bei. Jina lisipoonekana, usikimbilie kumwita mtu tapeli; huenda anasubiri kuhuishwa kwa leseni. Lakini mngoje ahuishe kwanza.

Karatasi za vifaa, na uongo mtamu wa "Tier 1"

KEBS ni shirika la viwango. Linaangalia bidhaa, zinazotengenezwa nchini na zinazoingia bandarini. Stika yake kwenye boksi la betri inahusu betri. Halimpi mtu leseni ya kufunga sola, kwa hiyo kampuni inayojinadi kuwa "imeidhinishwa na KEBS" kwa kazi ya ufungaji ama haijui inachosema au inakijua vizuri sana.

Kwenye paneli zenyewe, geuza mgongo. Kuna lebo yenye namba ya mfululizo, wati, volti na mara nyingi namba za viwango vya kimataifa. Mbili zinafaa kukumbukwa: IEC 61215, inayohusu kama paneli itavumilia joto, unyevu na miaka, na IEC 61730, inayohusu usalama wake. Zikikosekana zote mbili kwenye lebo na kwenye karatasi za mtengenezaji, uliza kwa nini bei ni nafuu hivyo. Taa na vifaa vidogo vya sola vya kubeba mkononi vina utaratibu wao wa kupimwa, VeraSol, ambao zamani ulijulikana kama Lighting Global. Huo haukuhusu kama unaweka mfumo wa paa.

Tier 1 ndiyo iliyomvutia jirani yangu kuliko zote, na simlaumu, maana inasikika kama daraja la kwanza. Hii ni orodha ya BloombergNEF, kampuni ya utafiti wa masuala ya fedha na nishati. Inaonyesha watengenezaji ambao paneli zao zimetumika katika miradi mikubwa iliyopata mikopo ya benki. Kwa maneno mengine, inajibu swali la mwenye benki: je, wengine wamekubali kukopesha mradi wenye paneli za kampuni hii? Waandaaji wenyewe wametahadharisha kwamba isitumiwe kama kipimo cha ubora. Mtengenezaji akiwa Tier 1 pengine hatafilisika kesho, na hilo lina faida yake kwa dhamana ya miaka 25. Lakini halikuambii paneli iliyo kwenye lori ni nzuri, na halisemi lolote juu ya mtu anayeifunga.

CE inachekesha kidogo. Ni alama ya soko la Ulaya, na kwa vifaa vingi vya umeme mtengenezaji mwenyewe ndiye anayetangaza kwamba ametimiza masharti. Ni kama mwanafunzi aliyejisahihishia mtihani: huenda amesema kweli, lakini hiyo si karatasi ya mwalimu.

ISO 9001 inahusu namna ofisi inavyoendesha kazi zake: kumbukumbu, malalamiko, utaratibu. Kampuni inaweza kuwa na ISO 9001 safi na bado ikatuma T1 kufanya kazi ya T3, mradi imeandika vizuri kwamba ilimtuma. NCA husajili makandarasi wa ujenzi, kuanzia NCA 1 ya miradi mikubwa hadi NCA 8. Ni muhimu ukijenga nyumba, lakini haichukui nafasi ya leseni ya EPRA. KEREA ni chama cha wadau wa nishati jadidifu. Uanachama wake ni wa hiari, nami naupenda kwa sababu anayejiunga na wenzake amekubali kuonekana. Hata hivyo kadi ya chama si leseni.

Na fundi wetu wa mtaani?

Kuna msemo nausikia sana: "Vyeti ni vya ofisini, fundi ni mikono." Una ukweli wake. Nimewaona mafundi wa jua kali wanaoweza kusikiliza inveta ikivuma wakakuambia inaumwa wapi, na nimewaona wenye karatasi nadhifu wasiojua kushika bisibisi. Mtu aliyejifunzia kazini miaka 10 si mjinga kwa kukosa cheti.

Lakini njia ya kumtoa huko ipo. NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, huwapima mafundi kwa mitihani ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, hata kama hawakupita chuoni. Mafunzo ya sola ya ngazi ya T3 yanatolewa Strathmore na JKUAT, miongoni mwa vyuo vingine. Ukiwa na fundi unayemwamini, mwambie ukweli: kazi nitakupa, lakini tafuta mwenye T3 mshirikiane naye. Ukimpa mfumo wa volti 400 kwa sababu alikufungia vizuri taa ya choo, humtendei haki hata yeye, kwa sababu moto ukitokea kampuni ya bima itauliza nani alifunga, na jina litakalotajwa ni lake.

Leseni nayo isipewe sifa isizokuwa nazo. Haikuambii kama betri uliyouziwa inatosha friji yako na pampu ya maji, kama bei ni ya haki, au kama watapokea simu yako mwezi wa nane baada ya kazi. Hayo utayajua kwa kuwauliza watu watatu waliofungiwa na kampuni hiyo mwaka mmoja au zaidi uliopita. Mteja wa wiki iliyopita kila kitu kwake bado kinang'aa.

Wasomaji walio Tanzania watakuta majina tofauti na maswali yaleyale. Bara, leseni za mafundi wa kufunga umeme hutolewa na EWURA. Zanzibar msimamizi ni ZURA. Viwango vya vifaa ni kazi ya TBS na ZBS, VETA hufundisha, na TAREA ni chama cha wadau. Walio Uingereza wanaomjengea mama nyumba huku wamezoea MCS, mpango mmoja unaothibitisha vifaa na wafungaji, na ambao cheti chake huombwa mtu anapotaka kulipwa kwa umeme anaoupeleka kwenye gridi. Wakija huku hutafuta muhuri mmoja wa namna hiyo, na wakiona nembo saba hudhani wameupata mara saba. Kwetu hakuna muhuri mmoja wa mwamvuli. Ya fundi, ya fundi wa stima, ya kampuni na ya kifaa, kila moja unaitafuta mahali pake.

Jirani yangu aliziandikia kampuni zote tatu ujumbe mmoja usiku uleule: nani atapanda paa, leseni yake ni ya daraja gani, na mtanipa mchoro wa nyaya kazi ikiisha? Ile ya nembo saba iliusoma ujumbe, tiki zikawa za buluu, kisha kimya mpaka keshokutwa walipompigia kumpunguzia bei. Ya nembo nne ilituma leseni ya T2. Aliwajibu kwa upole akawaeleza hesabu ya wati, nao wakakiri wangelazimika kumleta mtu kutoka nje. Ya nembo mbili ilituma picha mbili ndani ya saa moja, T3 na leseni ya fundi wa stima, majina mawili tofauti.

Siku ya kazi aliwaomba vitambulisho getini kabla hawajapewa chai, jambo ambalo vijana walilicheka hadi jioni. Mchoro sasa umebandikwa ndani ya mlango wa sanduku la breka, na chini yake, kwa kalamu nene, kuna majina mawili na namba za leseni zao.